Barua ya malalamiko: Deni nililolimaliza, na jina mlilonichafulia

Kwa Meneja Mkuu

Nakala: Mkuu wa Kitengo cha Mikopo, Dawati la Malalamiko ya Wateja

YAH: TAARIFA YA UONGO MLIYOIPELEKA KWENYE TAASISI YA TAARIFA ZA MIKOPO

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na natumaini zaidi kwamba utaisoma mwenyewe, isiishie kwa msaidizi atakayenitumia ule ujumbe wenu wa "tunathamini maoni yako." Sitoi maoni. Nadai haki yangu.

Mkopo wangu sina haja ya kuueleza, mnao kwenye mfumo. Barua ya kumaliza deni mliiandika nyinyi, ina mhuri wenu na sahihi ya afisa wenu. Nauliza tu: ilikuwaje baada ya kunipa barua hiyo mkaenda kuripoti kwamba nimechelewa kulipa kwa zaidi ya siku 90? Deni lililokwisha linachelewaje?

Sababu nimeitafuta mwenyewe, maana kwenu hakuna aliyejishughulisha. Rejesho la mwisho nililituma kabla ya tarehe yake na namba ya muamala ninayo. Mlikuwa mmebadilisha mfumo, namba za mikopo zikabadilika, na pesa yangu ikaenda kulala kwenye ile akaunti mnakoweka malipo yasiyojulikana ni ya nani. Mtu wenu mmoja akaiona, akafunga mkopo kwenye jalada, akanipa barua. Mfumo hakuuambia. Mfumo ukaendelea kuhesabu: siku 30, siku 60, siku 90. Na kila mlipotuma taarifa za wateja, mliutuma na huo uongo, safi kabisa, na jina langu kamili na namba ya kitambulisho changu.

Haya, mfumo ni mashine, na mashine hukosea. Lingekuwa hilo peke yake ningewapigia simu tukamalizana. Kilichonikalisha chini kuandika ni dawati lenu la mikopo.

Nilifika na ripoti yangu ya mikopo, risiti na barua yenu. Kijana aliyekuwa pale hakuvigusa. Aliigeuza skrini inielekee mimi, maana yake iielekee na foleni yote iliyokuwa mgongoni kwangu, akaweka kidole kwenye mstari mwekundu na kusoma kwa sauti: "Mdaiwa sugu." Halafu akaniambia, "Mama, ungekuwa unalipa, usingekuwa hapa."

Kuna watu walicheka. Nimelipa kila rejesho la mkopo ule, na watu wamenicheka kwenye ofisi niliyoilipa.

Namna alama za mkopo, zile namba zinazoonyesha mtu anaaminika kiasi gani kulipa, zinavyokokotolewa mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo msijifanye hamjui mlichokifanya. Kwenye mfumo wa FICO wa kukokotoa alama hizo, ulioanza kutumika Marekani mwaka 1989 na ambao mizani yake inafahamika na kila mtu wa kazi yenu, historia ya kulipa peke yake inabeba asilimia 35. Kiasi unachodaiwa kinabeba 30. Umri wa mikopo yako 15, mikopo mipya 10, na mchanganyiko wa aina za mikopo 10. Hamkunigusa pembeni basi, mmenipiga pale penye uzito kuliko pote. Na mtu aliyekuwa na rekodi safi ndiye anayeporomoka zaidi kwa alama moja mbaya, kwa sababu alikuwa juu. Mwenye madoa kumi, la kumi na moja halimshtui mtu.

Miaka yote nimejibana. Kadi zangu za mkopo nazitumia chini ya theluthi ya kikomo cha kukopa, mara nyingi chini ya hapo, na nalipa salio lote kabla taarifa haijatoka. Sikuomba mikopo hovyo hovyo. Rafiki zangu walinicheka kwa kukataa mikopo ya simu ya kubonyeza tu, eti naogopa pesa. Sikuogopa pesa, nilikuwa nalinda jina. Nyinyi mmelichafua kwa faili moja lililotumwa usiku na kompyuta isiyojua mimi ni nani.

Nimeruka jambo. Kabla sijafika kwenye dawati lenu, nilikuwa nimeomba mkopo wa nyumba kwa mkopeshaji mwingine. Kila kitu kilishakamilika: hati, tathmini, vielelezo vya kipato. Aliyenihudumia kule alinipigia mwenyewe, na sauti yake niliijua kabla hajamaliza salamu. Akasema kamati imekataa, akasema kwa adabu, "Kuna taarifa kwenye ripoti yako, ni vizuri ukaifuatilia kwa aliyekukopesha." Hakunisomea kwa sauti mbele ya watu. Mtu asiyenidai wala nisiyemdai alinistahi kuliko nyinyi niliowalipa riba. Muuzaji hakusubiri, nyumba ameshampa mwingine. Hilo nitalirudia kwenye madai.

Baada ya kunicheka, mlinishauri. Ushauri wenyewe ndio huu, na naomba mkuu wa mikopo ausome akiwa amekaa.

Kijana wenu aliniambia kwamba alama zangu zimeshuka kwa sababu nimeomba ripoti yangu mwenyewe. "Ukijikagua kagua unajishusha." Ndugu Meneja, hii ni elimu gani mnayowapa watu wenu? Mtu kuitazama ripoti yake mwenyewe hakushushi alama hata moja. Kinachoweza kuzipunguza ni ukaguzi wa mkopeshaji mtu anapoomba mkopo, na huo nao hupunguza kidogo tu na athari yake hupita. Wateja wangapi wameondoka hapo wakiamini kwamba kuisoma ripoti yao ni kosa? Ndiyo maana uongo wenu unakaa miezi bila kuonekana. Mkimfundisha mtu kuogopa kutazama, hataona mlichomwandikia.

Akaniambia nifunge kadi yangu ya zamani "ili nionekane sina madeni." Kadi hiyo ndiyo kongwe kuliko zote, ina kikomo kikubwa na naitumia kidogo. Nikiifunga, kile kikomo kinapotea na salio dogo la kadi nyingine linaanza kuonekana kama mzigo. Ningemsikiliza, ningejishusha kwa mkono wangu mwenyewe baada ya nyinyi kunishusha kwa wenu.

La tatu ndilo lililonimaliza. Akanichukulia kipeperushi na kunipendekezea mkopo wenu mpya, mdogo, wa "kusafisha jina." Yaani mmenichafua halafu mnaniuzia sabuni. Mkopo mpya unaleta ukaguzi mpya, unapunguza wastani wa umri wa mikopo yangu, na haufuti hata siku moja kati ya zile 90 mlizozitunga. Taarifa ya kweli haifutwi kwa kununua kitu, na ya uongo inasahihishwa bure na aliyeipeleka. Aliyeipeleka ni nyinyi.

Narudi kwenye dawati, kwa sababu nimesoma nilichoandika huko juu nikaona nimewasitiri mno.

Aligeuza skrini. Nilimwomba airudishe, kwa sauti ya chini, "Kaka, naomba tuongee taratibu." Hakuirudisha. Akasoma: "Mdaiwa sugu." Nyuma yangu alikuwepo mtu niliyewahi kufanya naye kazi, na nilipogeuka aliinamia simu yake haraka ili nisijue kwamba amesikia. Nikaisogeza barua ya kumaliza deni mbele ya kijana. Akaisukuma irudi kwangu kwa ncha ya kalamu. Kwa kalamu, Ndugu Meneja, kana kwamba ina uchafu, na mhuri wenu uko juu yake. Akasema, "Karatasi kama hizi mtu yeyote anachapa." Kwa hiyo tena sikuwa mdaiwa sugu peke yake, nikawa na mghushi. Na sahihi iliyo kwenye karatasi ile ni ya afisa aliyekuwa ameketi dawati la pili, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angeigusa. Alisikia kila neno. Aliendelea kuandika. Mzee mmoja kwenye foleni ndiye aliyesema, "Jamani, si muitazame kwanza hiyo karatasi." Hakuitazama mtu. Kijana akasema tena, "Mama, ungekuwa unalipa, usingekuwa hapa," akaita, "Anayefuata!"

Tangu hapo ni danadana. Tawi linanipeleka makao makuu, makao makuu wanasema suala la tawi, huduma kwa wateja wananipa namba ya malalamiko na kuifunga bila kunijulisha. Nilipouliza kwa nini imefungwa, nikaambiwa "imeshughulikiwa." Na kweli ilishughulikiwa! Mmebadilisha hadhi ya mkopo kutoka "haujalipwa" kwenda "umelipwa." Mkanitumia na pongezi.

Hapa ndipo naomba umakini wako wote. "Umelipwa" haitoshi. "Umelipwa" huku zile siku 30, 60 na 90 zimebaki kwenye historia maana yake nimekiri kwamba nilichelewa na nikalipa baada ya kusukumwa. Mkopeshaji mwingine akiifungua ripoti ataona mtu aliyekimbia deni miezi mitatu kisha akarudi. Huyo si mimi. Nilichokidai tangu mwanzo ni rekodi isomeke kilichotokea: rejesho la mwisho lilipokelewa kabla ya tarehe, hakuna siku ya kuchelewa. Alama zile za uchelewaji zitolewe zote, na kwenye kila taasisi ya taarifa za mikopo mliyoipelekea, kwa sababu mkisahihisha moja na kuiacha nyingine, uongo unaendelea kuishi huko.

Msiniambie inachukua muda. Marekani sheria ya taarifa za mikopo ipo tangu 1970, na mtu akipinga taarifa, kawaida uchunguzi unatakiwa kukamilika ndani ya siku 30. Ulaya, chini ya sheria ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018, mtu ana haki taarifa yake isiyo sahihi irekebishwe bila kucheleweshwa. Kwa hiyo kazi hii inafanyika duniani. Na huko huko Marekani, taarifa ya kuchelewa inaweza kukaa kwenye ripoti hadi miaka 7. Mnataka nibebe kwa miaka uzembe wa mtu aliyeshindwa kuoanisha namba mbili?

Nadai yafuatayo. Kwanza, masahihisho niliyoyaeleza, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, na nakala ya kila mlichokituma kwenye taasisi hizo ije kwangu. Pili, barua rasmi inayoeleza kwamba kosa lilikuwa lenu, yenye maneno ninayoweza kumwonyesha mkopeshaji yeyote, siyo ile lugha ya "kutokana na hitilafu ndogo ya kiufundi." Tatu, kijana yule aniombe radhi. Nilitaka kusema kwa maandishi. Hapana: pale pale dawatini, watu wakiwepo, kwa sauti ile ile aliyonisomea. Na afisa wa dawati la pili awepo, aitambue sahihi yake.

Kuhusu nyumba, nilikuwa tayari kuliacha. Sasa siliachi. Gharama za tathmini na za wakili nilizozilipa kwa mkopo mlionikosesha mtazirudisha, stakabadhi nimeziambatisha. Siku 14 zikipita bila masahihisho, nakala ya barua hii na viambatisho vyote itakwenda kwa msimamizi wa taasisi za fedha, nyingine kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi, kwa sababu kunisomea hadhi ya mkopo wangu mbele ya foleni ni kosa la peke yake. Akaunti yangu ya akiba nitaihamisha, na ya mwenzangu vilevile. Wakili nimeshaongea naye.

Nasubiri majibu kwa maandishi. Simu za kunituliza sipokei.

Wako katika kusubiri,

Mteja wenu
(namba ya akaunti na ya malalamiko iliyofungwa zipo kwenye kiambatisho cha kwanza)

Nyongeza: Wakati naikunja barua hii umeingia ujumbe wenu kwenye simu: "Ndugu mteja, lipa deni lako leo kuepuka hatua zaidi." Deni lipi? Nimeuhifadhi ujumbe huo na nimeuambatisha. Zile siku 14 zifuteni, sasa ni 7, na nakala ya msimamizi naipeleka leo hii bila kusubiri.