Wanangu Mnaosomea Sanaa Marekani, Tokeni Studio Kidogo

Wanangu mlioko katika vyuo vya Marekani mkisomea sanaa na ubunifu, na nyinyi mlioko Dar, Mombasa na Kampala mnaosubiri viza,

Salaam. Mniwie radhi nikipandisha sauti, maana jambo nililoliona bado linanikera.

Majuzi nilialikwa kwenye maonyesho ya wahitimu katika chuo kimoja hapa Ohio ninakoishi na binti yangu. Niliambiwa watoto wetu wapo, nikajitanda kanga yangu nikaenda. Kazi za mwanzo zilikuwa mbuyu, machweo, na Mmasai kasimama kwa mguu mmoja. Nikapita. Nikafika kwa binti mmoja wa kwetu aliyewamba kanga kwenye fremu kubwa, nusu kaipaka rangi nyeupe. Kanga ile naijua. Jina lake ni "Japo sipati tamaa sikati". Mwenzangu kaikata pasipokatwa, yakabaki maneno "Japo sipati", tena kichwa chini miguu juu. Kwenye karatasi ya maelezo ukutani kaandika kwa Kiingereza kizuri kwamba hiyo ni hekima ya mababu kuhusu uvumilivu wa mwanamke wa Kiafrika.

Nikamuuliza, mwanangu, pindo umelipeleka wapi? Naye akaniuliza, pindo ndiyo nini, bibi?

Kwa wasionijua: nimechora kanga na vitenge kiwandani Dar es Salaam mpaka nikastaafu. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, ambalo hukaa ndani ya mji upande wa chini ili lisomeke ukijifunga. Mchoraji hupima hivyo vitatu kwa pamoja. Pindo likiwa pana mno, mji unabanwa. Jina likiwa refu, herufi zinajazana mpaka mtu aliyepo ng'ambo ya barabara hawezi kusoma, na kanga isiyosomeka na jirani imenunuliwa bure. Maana jirani ndiye aliyelengwa! Na maneno yale si ya mababu hata kidogo. Ni maneno ya mtu anayempenda mwenzake na hampati. Ukimkata ulimi katikati ya sentensi, amebaki analalamika tu.

Kutojua si kosa, kila mtu huanza hajui. Kilichonipandisha presha ni jibu lake nilipouliza, miaka minne yote hii umesoma nini kingine? Akasema, tena kwa fahari, kwamba masomo yasiyo ya sanaa aliyatafuta yale mepesi kuliko yote, ayamalize haraka arudi studio. Chuo hichohicho kina mhadhiri wa historia anayefundisha biashara ya Bahari ya Hindi, vitambaa vikiwemo. Hajawahi kumgongea mlango.

Wanangu, kama unataka kushinda studio usiku na mchana, shule za sanaa tupu zipo, nenda huko, nitakuombea dua. Chuo cha sanaa huria (liberal arts), yaani cha elimu ya jumla, ni kitu kingine. Shahada ya BA katika sanaa, ile ya kwanza ya elimu ya jumla, huwa na masomo ya sanaa yapatayo theluthi moja. Yale mengine ni historia, kemia, lugha, falsafa, hesabu. Hata BFA, shahada ya kwanza ya sanaa yenyewe, ambamo sanaa huchukua kama theluthi mbili, inakuachia nafasi. Kwa kawaida unamaliza na krediti 120, yaani alama za kuhesabia masomo, na hulazimiki kutaja somo lako kuu mpaka mwisho wa mwaka wa pili. Mnaona huo ni usumbufu, kama ushuru wa soko. Kumbe ndicho kitu hasa kilichokufanya uvuke bahari, kwa sababu kushika brashi ungeweza kufundishwa hata Bagamoyo.

Someni habari za Black Mountain College, kule North Carolina. Kilifunguliwa mwaka 1933, mwaka uleule Bauhaus, shule mashuhuri ya sanaa na ubunifu, ilipofungwa Ujerumani, na Josef na Anni Albers wakaja kufundisha pale, mume rangi na uchoraji, mke ufumaji. Hakikuwa shule ya sanaa. Kilikuwa chuo cha elimu ya jumla ambamo sanaa iliwekwa katikati, na mwanafunzi wa fizikia alikaa darasa moja na mfumaji, wakatoka pamoja kwenda kulima shamba la chuo. Kilikufa mwaka 1957 kwa kukosa fedha, lakini wasanii waliopita pale, Marekani inawataja mpaka leo.

Au mtazameni Lubaina Himid. Alizaliwa Unguja mwaka 1954, akapelekwa Uingereza angali mtoto mchanga. Hakukulia kwenye kanga kama sisi. Alisomea usanifu wa jukwaa la maigizo, kisha akaenda Royal College of Art kusoma historia ya utamaduni. Leo anachora kanga kubwa zenye maneno, na ukizitazama unajua huyu kakaa na kanga akaisoma. Mwaka 2017 alipata Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa na miaka 63. Wangechi Mutu wa Nairobi naye, kabla ya kupata shahada yake katika chuo cha Cooper Union mwaka 1996, alisoma sanaa pamoja na anthropolojia. Baadaye akasomea uchongaji Yale. Mwaka 2019 sanamu zake nne za shaba ziliketi kwenye uso wa Metropolitan Museum, New York, katika vishubaka vilivyokuwa vitupu tangu 1902. Mnadhani mambo yale aliyaokota studio peke yake?

Na kemia msiikimbie. Pale kiwandani nilichora kanga ya maembe mekundu, mchoro ninaoupenda mpaka leo. Doti za kwanza zikafuliwa, mji wote ukageuka waridi. Rangi haikushika pamba. Aliyetuokoa ni mkemia, kijana mpole aliyekuwa hawezi kuchora hata kikombe.

Sasa nigeukie wazazi wenzangu, maana watoto hawakujifunza haya peke yao. Sisi ndio tuliowaambia kuchora hakulishi mtu. Mtoto akipeleka daftari la michoro nyumbani tunauliza la hesabu liko wapi. Harusi tunaunda kamati, tunachangishana mpaka kadi zinaisha, lakini mtoto akipata nafasi ya kusomea ubunifu tunanyamaza kwenye kundi la WhatsApp. Wengine wanawadanganya majirani kwamba kijana yuko Marekani anasomea kompyuta. Shule zenye mwalimu wa sanaa ni za kutafuta kwa tochi. Halafu tunashangaa mtoto anafika ugenini hajui pindo, anashika mbuyu na machweo kwa kuwa ndivyo wenyeji wanavyovitambua. Wahadhiri nao wanamsifia! Hawamjui kutosha kumkosoa. Mimi nasema sifa za namna hiyo zinadumaza.

Ndiyo maana nawasihi, siku ya kukosoana kazi msikae kimya. Kwetu kumkatiza mkubwa ni utovu wa adabu, najua. Huko ukinyamaza wanaona huna la kusema, na wengine wanakusemea. Ikiwa kazi yako imesifiwa kwa jambo usilolikusudia, sema. Ya mwenzako nayo iulize, kwa upole, lakini iulize.

Mengine nayataja haraka haraka. Ada isikutishe kabla hujauliza msaada: vyuo vya Yale, Amherst na Bowdoin hata kwa mwanafunzi wa nje haziangalii uwezo wa kulipa zinapoamua kumchukua. Kwingi mwanafunzi wa nje huulizwa hali ya fedha ya nyumbani kwa fomu ya CSS Profile. Mzazi aijaze mapema, asisubiri wiki ya mwisho. Kwa BA mara nyingi kutuma mkusanyo wa kazi zako si lazima, kwa BFA mara nyingi ni lazima. Vifaa ni ghali, uliza kama chuo kinasaidia. Kwa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, kazi ya chuoni haizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ukimaliza unaweza kuomba miezi 12 ya kufanya kazi ya fani yako. Nyongeza ya miezi 24 ni ya sayansi na teknolojia, na sanaa kwa kawaida haimo, basi panga mapema. Piga picha kila kazi kabla haijatoka mkononi mwako. Usipulize rangi ya kopo chumbani madirisha yamefungwa. Lala.

Na makumbusho ya chuo, ingieni. Chuo cha Oberlin, hapahapa Ohio, tangu mwaka 1940 wanawakodisha wanafunzi kazi za sanaa halisi watundike vyumbani. Picasso yumo, na bei ni dola 5 kwa muhula mzima. Watoto wa watu wanalala nje usiku kucha kupanga foleni. Wetu niliowauliza hawakuwa hata na habari.

Mliobaki na muhula mmoja, nendeni ofisi ya msajili wiki hii, kabla orodha ya masomo haijafungwa. Chagueni somo moja mnaloliogopa. Atakayetaka kuchora kanga, aje kwangu na karatasi ya miraba na penseli. Pindo nitamwonyesha mwenyewe, na chai ya tangawizi ipo.

Ni mimi bibi yenu,
Ohio