Kimya cha mjumbe kwenye kikao cha mtandaoni kisiandikwe kuwa ameridhia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wale wanaotuitisha vikao vya mtandaoni sisi watu wa vyama vya msingi. Mimi ni katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ya wakulima wa kahawa wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma. Siupingi utaratibu huu hata kidogo. Kutoka Mbinga mjini hadi Songea ni kama kilomita 100, na wajumbe wetu wengi wako vijijini milimani, ambako kwanza unapanda bodaboda ndipo uifikie lami. Nauli, posho, chakula na pengine kulala: hela zote hizo ni za wanachama. Kikao cha saa moja ambacho mtu anakifanya akiwa ghalani kwake ni nafuu kubwa, hasa msimu wa mavuno.

Shida yangu ni namna tunavyoingizwa. Jioni linakuja tangazo kwenye kundi la WhatsApp: kesho saa nne asubuhi kuna kikao, linki hii hapa. Basi. Ajenda hakuna. Aliyeuliza kama mjumbe ana programu kwenye simu yake hakuna, wala kama ana bando.

Mjumbe wetu mmoja, mzee wa rika la baba yangu, aliingia kwenye kikao cha namna hiyo kuhusu mgawo wa mbolea. Alikuwa na hoja nzito: orodha iliyotumika ilikuwa ya msimu uliopita, na wakulima wa kituo chake cha kupokelea kahawa walioongeza mashamba hawakuhesabiwa. Akaisema hoja yake mwanzo hadi mwisho, kwa utulivu, kama anavyosema siku zote. Maiki yake ilikuwa imezimwa. Mwongozaji alikuwa ameshahamia ajenda inayofuata. Muhtasari ulipotufikia, umeandikwa kwamba wajumbe wote waliridhia. Mzee aliniletea karatasi ile mkononi, akaniambia, "Katibu, mwanangu, mimi nilikataa. Na nilisema."

Angekuwa ukumbini angesimama, na mwenyekiti angemwona hata kama sauti yake ni ndogo. Kwenye skrini alikuwa kijisanduku cheusi miongoni mwa vijisanduku vingi. Uamuzi ule uliwagusa watu wenye mashamba na madeni ya pembejeo, na kwenye kumbukumbu unasomeka kana kwamba mwakilishi wao aliupitisha.

Tukaamua kufanya mazoezi sisi wenyewe, ghalani, bila mgeni wala ajenda, kila mtu na simu yake. Nayasema tuliyoyaona kwa sababu naamini vyama vingi vinakwama palepale.

La kwanza ni sauti. Kwenye programu ya Zoom, ukiingia kwa simu, kuona watu si kuwasikia. Unaulizwa kwanza kama unataka sauti ipitie kwenye intaneti, na ukipita bila kubonyeza hapo utabaki kutazama midomo inayocheza. Tena simu yenyewe inaomba ruhusa ya kutumia maiki na kamera. Wazee wetu karibu wote walikuwa wamekataa. Na wana haki: kila siku tunawaambia wajihadhari na matapeli wa mitandaoni, wasikubali wasichokielewa, halafu hakuna aliyewaambia kwamba ombi hili ni la kweli. Maandishi yenyewe ni ya Kiingereza. Tulipowaeleza kitufe kwa kitufe kwa Kiswahili, kwamba maiki yenye mstari maana yake umezimwa na hakuna anayekusikia, jambo lilieleweka mara moja.

Tukagundua pia kwamba simu mbili zilizo kwenye kikao kimoja zikikaa chumba kimoja hupiga kelele za kuumiza masikio. Waliokaa pamoja watumie simu moja, au mmoja azime maiki na spika vyote viwili. Na mtu akipigiwa simu ya kawaida katikati ya kikao, sauti ya kikao hukatika. Akimaliza kuongea asidhani bado anasikika.

Lakini lililonigusa mimi kama katibu ni majina. Niliyatazama mahudhurio kwenye skrini nikakuta "Galaxy A05", "TECNO", "Galaxy A05" tena, na jina la mtoto wa mjumbe mmoja, maana simu ni ya mtoto. Akidi inahesabiwaje hapo? Muhtasari wa chama unataka jina la mjumbe na anakotoka. Kubadili jina ni kazi ya nusu dakika, ila lazima mtu aoneshwe mara moja. Sasa kila mjumbe wetu anaingia kwa jina lake na la kituo chake, na mimi naweza kusaini mahudhurio bila wasiwasi.

Kuhusu bando, wanaoitisha vikao wajue hivi: sauti peke yake kwa saa nzima hula makumi ya MB tu, lakini video hula mamia, na picha ikiwa safi inaweza kufika GB nzima au zaidi. Kumlazimisha mkulima awashe kamera dakika zote ili "aonekane yupo" ni kumtoza. Awashe mwanzoni atambuliwe, kisha azime.

Na chagueni programu moja. Huyu anataka Zoom, yule Google Meet, mwingine Microsoft Teams, na kila moja ni kupakua upya na kujifunza upya kwenye simu ambayo nafasi yake imeshajaa. Akaunti ya bure ya Zoom hukata kikao dakika ya 40. Google Meet ya bure, mkiwa watatu au zaidi, hukata dakika ya 60. Tumewahi kukatwa mwenyekiti akiwa katikati ya kuhitimisha hoja, na nusu ya wajumbe hawakurudi. Kwa bodi ndogo kama yetu, isiyofika watu kumi, mbona simu ya kikundi ya WhatsApp inatosha? Inachukua hadi watu 32, na wajumbe wetu tayari wanaijua.

Kuna na hizi nyaraka za pamoja. Tulitumiwa jedwali la Google Sheets tujaze kilo zilizopokelewa kila kituo, na waliolituma waliwapa wote waliokuwa na linki ruhusa ya kuhariri. Asubuhi moja safu nzima ya kituo kimoja ikawa tupu. Kijana wetu wa mizani ndiye aliyeirudisha kupitia historia ya matoleo, ambayo hutunza jedwali lilivyokuwa kabla ya kila badiliko. Wanaohitaji kusoma wapewe ruhusa ya kutazama tu. Kuhariri kubaki kwa wanaojaza.

Jambo lingine halisemwi kabisa: kurekodi. Kwenye vikao hivi yanaoneshwa majina ya wakulima, kilo zao na madeni yao, na kikao kinarekodiwa bila mtu kuombwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Deni la mkulima ni taarifa yake. Anayerekodi aseme kabla, aeleze ni kwa nini, na nani atakabidhiwa rekodi hiyo.

Najua nitaambiwa kwamba haya ni mambo madogo na watu watazoea. Agosti 2020 wakuu wa nchi za SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, walifanya mkutano wao kwa mtandao, na sidhani kama kuna aliyetegemea kwamba rais atakitafuta kitufe cha maiki peke yake. Mkulima aliyechaguliwa na wenzake naye amebeba sauti za watu. Anastahili kuandaliwa.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga vikao vya msimu huu: tangazo la kikao lije na siku ya mazoezi, hata nusu saa tu, pamoja na ajenda kwa Kiswahili na namba ya mtu wa kupigiwa mjumbe akikwama. Bando liingizwe kwenye bajeti ya kikao kama nauli ilivyokuwa ikiingizwa. Na kabla ya uamuzi wowote kupitishwa, mwongozaji amwite kila mjumbe kwa jina, asikie jibu lake. Asiyejibu apigiwe simu ya kawaida. Akikosekana kabisa, muhtasari uandike kwamba hakupatikana.

Kwa niaba ya mzee wetu tumeandika barua ya kuomba muhtasari ule urekebishwe na hoja yake iingizwe. Bado tunasubiri majibu.

Katibu wa AMCOS,
Jina limehifadhiwa,
Mbinga, Ruvuma.