Rubani mpya wa mizigo aanzie kwenye mizani

Mhariri,

Kurasa za elimu hupenda picha za vijana waliohitimu urubani: shati jeupe, mistari begani, na mzazi aliyeuza shamba akitabasamu kando. Picha hizo hazisemi kwamba mwenye saa 200 za kuruka hajafundishwa kupakia mzigo, ilhali kazi ya kwanza atakayoipata pale Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, huenda ikawa hiyo hiyo: kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, katika Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, alfajiri, magunia ya miraa au katoni za dawa zikimngoja.

Kiti cha kulia kina hesabu yake. Caravan inaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, lakini kampuni ya bima huwa na neno kuhusu nani akae kushoto, kiti cha kapteni, na saa 200 kwa kawaida hazitoshi. Kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, rubani msaidizi katika ndege iliyoidhinishwa kwa rubani mmoja huhesabiwa si zaidi ya nusu ya saa zake anapotafuta leseni ya juu. Ukikaa kulia saa 1,000, tarajia 500 tu kati ya 1,500 za ATPL, leseni ya juu kabisa ya rubani. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mkataba unaokufunga miaka kadhaa kwa gharama za mafunzo, uliza utahamia kushoto lini na kwa masharti gani. Uliza pia kama unalipwa kwa mwezi au kwa saa. Miraa ya Kenya haikuingia Somalia kihalali kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, na malipo ya saa hukauka pamoja na mzigo.

Sasa mzigo wenyewe. Caravan aina ya 208B haitakiwi kuzidi kilo 3,969 inapopaa. Tuseme ikiwa tupu ina kilo 2,200, marubani wawili 170, mafuta 600 (kama lita 750). Zinabaki kilo 999. Mteja analeta magunia 40 yaliyoandikwa kilo 25 kila moja, jumla 1,000, na kukusihi: "Ni kilo moja tu, kapteni." Lakini miraa hufungwa kwa majani ya migomba na kunyunyiziwa maji isinyauke. Gunia lililolowa likifika kilo 28, umezidisha kilo 121 hata injini hujawasha. Pima magunia yote, si matatu ya juu. Mizani nayo ipime: panda mwenyewe kwanza, uzito wako unaujua.

Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 28, ndege huruka kana kwamba iko zaidi ya futi 8,000. Injini hugonga kikomo cha joto kabla ya kutoa nguvu zake zote, panga boi na mabawa hukosa hewa nzito ya kushika, na njia ya kurukia inakwisha mapema. Kuondoka asubuhi si kwa ajili ya miraa peke yake.

Mahali unapouweka mzigo ni muhimu kama uzito wake. Makuli hupakia kwa mlango mkubwa wa nyuma, na kusukuma gunia hadi mbele kunachosha, basi mzigo hulundikana pale mlangoni. Weka nguzo ya kuegemeza mkia kabla ya gunia la kwanza, la sivyo ndege itakaa kitako. Usisahau kuitoa. Isipokaa kitako ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mzigo wa nyuma huinua pua hewani, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na mabawa yakiishiwa nguvu pua inaweza kukataa kushuka. Funga wavu na mikanda, kisha sukuma kwa bega, halafu kaza tena, maana magunia mabichi hujipanga upya na kuacha ulegevu. Tarehe 29 Aprili 2013 huko Bagram, Afghanistan, gari la kijeshi lilifunguka kutoka kwenye mikanda yake ndani ya Boeing 747 ya mizigo, likarudi nyuma na kuvunja mitambo ya mkia. Watu saba walikufa.

Katoni zilizoandikwa "vipuri vya simu" zifunguliwe. Betri za lithiamu-ioni, zile zinazochajiwa, zikisafirishwa peke yake huwa na namba ya mizigo hatari UN3480: tangu Aprili 2016 haziruhusiwi kama mzigo katika ndege za abiria, na katika za mizigo chaji isizidi asilimia 30. Moto ulioanzia kwenye shehena yenye betri kama hizo uliua marubani wawili Dubai mwaka 2010.

Kuhusu kuwasha injini tutasema machache, ingawa kosa la hapa ni la sekunde na bili yake ni ya mamilioni. Betri ya ndege iwe na volti 24 au zaidi, na upepo usivume kutoka nyuma. Bonyeza stata, mota inayoanza kuizungusha injini, ngoja mzunguko ufike asilimia 12, ndipo ufungue mafuta. Joto likikimbilia nyuzi 1,090, kata mafuta papo hapo lakini acha stata izungushe, ili hewa ipoze injini. Anayefungua mafuta mapema kwa haraka ya mteja huunguza tabini.

Tunaomba ukurasa wenu wa ajira uwachapishie vijana maswali matatu ya kumuuliza mwajiri siku ya usaili: mizani yenu iko wapi, nani hutia saini karatasi ya upakiaji, na mara ya mwisho mlipoacha mzigo chini kwa sababu ya uzito ilikuwa lini?

Wakufunzi wa marubani,
Nairobi