Mheshimiwa, ile mashine haijapimwa mpaka leo

Mheshimiwa, shikamoo. Nakuandikia kutoka Newala, mimi kibarua wa barabara, jekihama, ile mashine ya kuvunjia lami na mawe, naishika mwaka wa nne sasa. Ulipokuja saiti kwetu mwaka jana ulitusalimia mmoja mmoja, ukanishika mkono huu huu wa kulia, ukasema poleni na kazi, watu wa kupima mtikisiko wa mashine watakuja wiki ijayo. Basi korosho zimeokotwa zikauzwa, mvua zimenyesha mpaka zimekata, hiyo wiki bado tunaisubiri.

Juzi mwenzetu wa zamu moja kashika bomba la kompresa, ile mashine ya upepo inayoendesha jekihama, likiwa la moto, mkono umekufa ganzi kwa mtikisiko, hakusikia kitu, kaja kushtuka kwa harufu, ngozi ya kiganja imebaki pale pale. Ndo maana naandika hadharani, ofisini tumeshaenda sana.

Mimi mwenyewe, na baridi la huku la mwezi wa saba unalijua, nikiamka vidole vitatu vimepauka kama vimepakwa majivu, vimekufa ganzi, vifungo vya shati ananifungia mwanangu wa darasa la pili. Zahanati napewa za maumivu tu. Msimamizi anasema vaa glovu, glovu zenyewe za pamba, zinazuia malengelenge ila mtikisiko unapita unaingia mpaka kwenye mishipa. Nahisi na mashine imechoka, raba za mpini ziliisha zamani.

Ulaya tangu 2002 wameweka kikomo cha mtikisiko wa mikono, mita 5 kwa sekunde mraba kwa siku ya masaa 8, na ikifika 2.5 tu bosi anatakiwa aanze kuchukua hatua. Mashine ikitikisa 10, masaa 2 umemaliza siku yako. Sisi tunashika saa moja asubuhi mpaka saa kumi na hatujui yetu inatikisa ngapi! Na sheria yetu ya usalama na afya kazini ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya, mimi miaka minne hakuna aliyenipima.

Hela siombi mheshimiwa, fidia tutaongea baadae. Naomba mtu mwenye kipimo aje aipime ile jekihama, tujue ni masaa mangapi mtu ashike ampokeze mwenzie. Jumatatu anakabidhiwa kijana wa miaka 19 aliyechukua nafasi ya yule aliyeungua. Tafadhali kipimo kije kabla hajaishika.