Majibu ya "hakuna bakteria" hayajanitoka moyoni

Kwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini taarifa yenu ya juma lililopita kuhusu bakteria wadogo mno wanaopatikana kwa wagonjwa imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu amewatia wote kapu moja. Wale "nanobakteria" ambao watafiti wa Ufini walidai mwaka 1998 kwamba huleta mawe ya figo si viumbe hai hata kidogo. Kufikia 2008 ilikwisha kuonyeshwa kuwa ni chembechembe za chokaa zilizoshikamana na protini za damu. Sakaribakteria wa kinywani, ambao mmoja wao alikuzwa maabarani mwaka 2015 akiwa amejibandika juu ya bakteria mwingine, ni hai kweli, na huwa wengi penye ugonjwa wa fizi, ila kukutwa kwa mgonjwa si kumwambukiza.

Aliyestahili ukurasa mzima ni mikoplasma, bakteria mdogo mno anayeleta kikohozi na homa ya mapafu, nanyi mmempa mistari miwili. Mwaka jana binti yangu alikohoa majuma matatu, kikohozi kikavu kilichomzidi usiku hata akawa analala ameketi, mto kifuani. Katika zahanati moja hapa Kisumu walipima makohozi kwa darubini, wakatuandikia "hakuna bakteria", kisha wakampa amoksilini. Tuliporudi walimpa amoksilini ile ile, na mara ya tatu vilevile, ilhali dawa hiyo hufanya kazi kwa kuharibu ukuta wa seli, na mikoplasma hana ukuta huo. Ndiyo maana hata rangi ya maabara inayotumiwa kuwaonyesha bakteria haimshiki, na kwa udogo wake darubini ya kawaida haiwezi kumbainisha. Daktari wa pili alimsikiliza kifua, akauliza ni nani mwingine anayekohoa darasani mwake, akabadilisha dawa kuwa azithromaisini, isiyotegemea ukuta huo, na siku ya tano mtoto akalala usiku kucha. Kipimo cha jeni hakikufanywa, kwa hiyo siwezi kuapa kuwa alikuwa mikoplasma. Lakini ile karatasi iliapa kwamba hakuna kitu, na kwa ajili yake mwanangu aliteseka majuma mawili zaidi.

Nayo maduka ya dawa yanauza azithromaisini bila cheti cha daktari, vidonge viwili kwa anayeomba viwili, dozi pungufu inayowazoesha vijidudu dawa, wakati huko Asia mikoplasma sugu kwa dawa hiyo wameshaenea.

Ninaomba jambo moja. Kila karatasi ya majibu ya maabara iandikwe, chini kabisa ya jibu, kwa Kiswahili na Kidholuo, ni kipimo gani kilichofanywa na ni vijidudu gani ambavyo kipimo hicho hakiwezi kuviona, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa zile za bei.

Mzazi,
Kondele, Kisumu