Vidonge 14 haviponyi brusela

Mhariri,

Bahasha yenye vidonge 14 vya antibiotiki doksisaiklini, juu imeandikwa 1×2 (kimoja mara mbili kwa siku), si dozi ya brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, hasa kwa maziwa mabichi. Hiyo ni ya siku 7. Brusela inataka wiki 6, yaani vidonge 84, tena pamoja na dawa ya pili. Huku Tabora kwenye ng'ombe wengi, maduka ya dawa yanapaswa kulijua hilo.

Bakteria hawa hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu, zilezile zinazotakiwa kuwaua. Siku chache za dawa homa inashuka, jasho la usiku linakata, mgonjwa anarudi kwenye shamba lake la tumbaku. Baadaye kiuno na viungo vinaanza kuuma tena. Malaria haionekani, basi anaambiwa ni taifodi.

Mtu mzima asiye mjamzito hupewa doksisaiklini miligramu 100 asubuhi na jioni, na rifampisini miligramu 600 hadi 900 mara moja kwa siku, zote wiki 6. Badala ya rifampisini, daktari anaweza kuchagua sindano za gentamaisini kila siku kwa siku 7 hadi 10. Sindano hizo zisichomwe kwa kukisia: kipimo hufuata kilo za mgonjwa, na zinaweza kuumiza figo na masikio. Wajawazito na watoto chini ya miaka 8 hupangiwa dawa nyingine hospitalini.

Kabla ya rifampisini, kifua kikuu kichunguzwe. Dalili zinafanana mno, na rifampisini ni dawa ya TB pia: kumpa mwenye TB hiyo bila dawa zenzake ni kumtengenezea usugu wa dawa. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba mkojo utageuka rangi ya chungwa, la sivyo ataogopa na kuacha. Anayetumia ARV au vidonge vya uzazi wa mpango aseme, maana rifampisini huvipunguzia nguvu.

Halafu kuna hili la kuteremshia doksisaiklini kwa maziwa, pengine yaleyale yaliyoleta ugonjwa! Kalsiamu huishika dawa tumboni isiingie vizuri mwilini. Imezwe kwa glasi nzima ya maji, na mgonjwa asilale nusu saa, vinginevyo kidonge hunasa na kuunguza koo.

Nyumbani maziwa yachemshwe mpaka yatokote, hata ya kugandisha. Kuganda peke yake hakuui brusela.

Mfamasia,
Tabora