Nimekwama kwenye kilo 84, kikoba kinanidai 70

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, naishi Pasua hapa Moshi na nauza mitumba pale Memorial. Majibu yako nayasoma kila yanapotoka, hasa ukiwachana wanaume, lakini leo mwanamume hayumo. Shida yangu ni mwili wangu na mizani.

Tuna kikoba cha akina mama wa mtaani. Kilianza kama vikoba vingine, hisa na mikopo. Halafu mwenzetu mmoja akapigwa na kiharusi akiwa dukani kwake, wote tukaingiwa na hofu, tukakubaliana tufanye mazoezi pamoja. Alfajiri tunatembea mwendo wa haraka kutoka Pasua hadi mzunguko wa YMCA na kurudi. Hilo nalipenda, hata mvua ikinyesha natoka. Tatizo ni Jumamosi jioni.

Jumamosi mwenyekiti anatoa mizani ndani, anaiweka barazani penye sakafu iliyonyooka, tunapanda mmoja mmoja. Ungetuona ungecheka. Viatu chini, mkanda chini, hereni chini, na kuna mmoja huvua mpaka wigi. Mweka hazina anaandika kwenye daftari la kaunta. Aliyepungua anapigiwa makofi, aliyebaki palepale anatoa 2,000, aliyeongezeka anatoa 5,000, na hela tunagawana Desemba tukivunja kikoba. Mwanzoni kila mtu alitaja kilo anazotaka kufikia. Mimi nilisema 70, maana ndizo nilizokuwa nazo nilipoolewa. Daktari hakunipa namba hiyo. Niliitamka, ikaandikwa, ikawa sheria.

Nilianza na 97. Nikashuka vizuri mpaka 84, na hapo nimekwama, huu mwaka wa pili sasa. Soda niliacha, chapati ni za sikukuu, mbege naonja tu kwenye shughuli ili wazee wasinune, ugali wangu unaenea kiganjani. Ikishuka kilo wiki hii, wiki ijayo imerudi. Kwa faini nilizotoa ningekuwa nimeshanunua gunia la mahindi.

Sasa sikiliza upande wa pili. Wakati naanza, presha yangu ilikuwa 148 kwa 94, sukari kabla ya kula 6.4, na daktari alishaanza kunitajia dawa. Mara ya mwisho nilipopima, presha ilikuwa 124 kwa 80 na sukari 5.3, na sijameza kidonge. Mama yangu ana kisukari, nimemuuguza kidonda cha mguu kwa mikono yangu, kwa hiyo namba hizo kwangu si mapambo. Zamani nikibeba furushi la nguo kutoka stoo nilikuwa napumzika njiani, siku hizi nalibeba huku nabishana na mteja kwenye simu. Na mbio za Kilimanjaro Marathon za mwaka huu nilimaliza kilomita 21. Kile kilima cha kuelekea Mweka nilikipanda kwa miguu, wazee wa rika la baba yangu wakinipita na kunipa pole, lakini nilimaliza.

Nilimuuliza daktari mbona nimekwama. Akaniambia mwili ukishapungua unatumia chakula kidogo kuliko zamani, na njaa nayo inaongezeka, ndiyo maana wengi wanafika mahali wanagota. Akasema mtu mnene akipunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake, presha na sukari huanza kutulia, na mimi nimeshapita hapo. Ila hakunificha: kwa urefu wangu wa sentimita 164, kilo 84 bado zinanipandisha juu ya 30 kwenye kile kipimo chao cha uzito kwa urefu, yaani bado nahesabiwa mnene kupita kiasi. Nikipungua zaidi ni heri, alisema, lakini kubwa ni nisirudi nilikotoka na kiuno kisizidi kutanuka. Nikamuuliza, sasa daktari, nipambane au niache? Akacheka, akaita mgonjwa anayefuata.

Mume wangu anasema niko sawa. Tatizo ni kwamba nilipokuwa na 97 alisema hivyohivyo, kwa hiyo ushahidi wake siwezi kuutegemea. Kijijini Kibosho, tulipopanda Desemba, shangazi zake walinivuta pembeni jikoni wakaniuliza kwa sauti ya chini nina nini, mbona nimekwisha, na kama nimepima. Haohao nilipokuwa na kilo 97 walisema nimenawiri na Moshi imenikubali. Basi kwa kijiji nimekonda, kwa kikoba ni mnene, na kwa daktari nipo katikati.

Kazini kwangu miili ndiyo biashara. Mteja akishika suruali akaanza kusoma lebo namwambia, dada, achana na lebo, vaa uone. Suruali ya Marekani iliyoandikwa 10 ni sawa na ya Uingereza iliyoandikwa 14, na kuna wanaoirudisha moja na kuchukua nyingine kwa sababu ya namba tu. Nawacheka kimoyomoyo. Halafu Jumamosi napanda mizani nikiwa sijala tangu jana yake mchana.

Hilo ndilo linalonitisha. Ijumaa usiku nawapakulia watu machalari, mimi nakunywa chai ya rangi na kugombeza kila anayepita. Na binti yangu wa kidato cha pili, mwembamba kama fito, ameanza kusukuma sahani ya wali akisema ameshiba. Nilipombana akaniuliza, "Mbona wewe huli, mama?"

Tumbo nalo, Shangazi. Watoto wote watatu nimezaa kwa upasuaji. Kuna nyama inaning'inia chini ya mshono ambayo haijasikia habari ya mazoezi yoyote. Mapaja yangu nayapenda siku hizi, yana nguvu na yamenifikisha Mweka. Lile tumbo ndilo sijajua niliweke wapi.

Juzi nilimdokeza mwenyekiti kwamba mzunguko mpya ningependa niendelee kutembea na kuweka hisa, ila nisipande mizani. Akasema, "Mama, ukishasema umeridhika, mia hiyo inakuja." Na siwezi kumbishia sana, kwa sababu yupo mwenzetu aliyejitoa kwenye mizani akisema Mungu ndiye aliyemuumba hivyo, kisha akajitoa kwenye kutembea, na leo akipanda ngazi za benki anashika ukuta.

Kwa hiyo swali langu ni hili. Nikisema nimeukubali mwili huu wa kilo 84, nitajuaje kwamba nimeukubali kweli na si kwamba nimechoka tu kuhangaika? Kuna dalili ya kuangalia? Maana nikiwa peke yangu alfajiri, miguu imeshapata moto, naona kabisa yatosha. Ikifika Jumamosi jioni najiona mvivu.

Nimewaza kupeleka hoja kwamba faini iwe ya kukosa kutembea, si ya kilo, na kila miezi mitatu twende wote kupima presha na sukari, majibu yaandikwe kwenye daftari lilelile. Wawili wameniunga mkono chinichini. Wengine watasema natafuta njia ya kukwepa 2,000. Je, niipeleke, au nipambane mzunguko mmoja wa mwisho nifike hata 80 ndipo niseme, ili wasinione mwoga? Na binti yangu nianze naye wapi, bila kumhubiria?

Wasomaji waliowahi kusimama kwenye namba ambayo hawakuipanga, nao waniambie walifanyaje. Kikao cha mzunguko mpya ni mwisho wa mwezi huu, kwa hiyo ukinijibu mapema nitashukuru.

Ni mimi,
Mama Mitumba, Pasua, Moshi